Muziki Ubaki Singe, na Usingizi Nao Ubaki

BARUA YA WAZI

Kwa: Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, wenyeviti na wajumbe wote wa Kamati ya Maendeleo ya Kata ya Singe, Halmashauri ya Mji wa Babati.

Nakala: Viongozi wa nyumba za ibada, walimu wa kwaya, viongozi wa bendi, wenye kumbi na wenye baa.

YAH: MAZOEZI YA MUZIKI NA MAPUMZIKO YA WAKAZI



Nawaandikia kuhusu jambo ambalo halikauki katika ofisi za mitaa yetu: mazoezi ya muziki yanayowanyima watu usingizi, na vijana wa muziki wanaofukuzwa kila wanapopata pa kufanyia mazoezi. Mimi ni mwalimu wa kwaya na ni mkazi wa kata hii. Najua uchungu wa mama aliyembembeleza mtoto mpaka akalala, kisha besi ya jirani ikamwamsha. Najua pia uchungu wa kijana aliyejibana akanunua kinanda, halafu akaambiwa hakuna mahali Singe anaporuhusiwa kukipiga. Wote wawili ni watu wenu. Ninachoomba ni kwamba Kamati isipitishe katazo kabla ya kujifunza jinsi sauti inavyosafiri. Sehemu kubwa ya kelele tunazogombania inaweza kuondolewa kwa udongo, mlango unaofunga sawasawa, mapazia mazito na mpangilio mzuri wa spika, bila kuinyamazisha kwaya hata moja.

Tumefika hapa kwa sababu mji umekua. Tangu Mkoa wa Manyara uanzishwe mwaka 2002 na Babati kuwa makao yake makuu, watu wamezidi kujenga, na palipokuwa na mashamba ya mahindi na mbaazi sasa pana madirisha ya watu waliolala. Wapo wanaolala mchana pia: muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, mlinzi, dereva wa bodaboda. Wapo wagonjwa na wazee, na wapo wanafunzi wa kidato cha nne wanaosoma usiku wakijiandaa kwa mtihani wa Novemba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kwamba sauti ndani ya chumba cha kulala isizidi wastani wa desibeli 30 ili mtu alale vizuri, na darasani isizidi 35 ili mwanafunzi amsikie mwalimu. Watu wawili wanaozungumza kwa kawaida wakiwa wamekaa karibu hufikia kama desibeli 60. Dramu za bendi zikipigwa kwa nguvu hupita 100 kwenye masikio ya mpigaji.

Sheria hatukuikosa. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na zipo kanuni za mwaka 2015 zinazoweka viwango vya kelele na mitetemo. Katiba yetu, ibara ya 30, inasema haki ya mtu mmoja isitumike kwa namna ya kuvuruga haki za wengine. Mwaka 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilifungia baa na kumbi nyingi za starehe kwa sababu ya kelele. Lakini sheria humwambia mwanamuziki mpaka asioruhusiwa kuuvuka, haimfundishi namna ya kubaki ndani yake. Hilo la pili ndilo linalokosekana kwetu, na ndilo ninalotaka kuchangia.

Tuanze na hizo desibeli, kwa sababu tarakimu zake humpotosha asiyezizoea. Kila desibeli 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti imezidi mara kumi, ingawa sikio huhisi kama imeongezeka mara mbili tu. Kutoka 60 hadi 100, basi, nguvu imezidi mara elfu kumi. Bendi inayonunua spika ya pili inayofanana na ya kwanza hupata ongezeko la desibeli 3, ambalo msikilizaji hulihisi kidogo tu. Fedha zimekwenda, jirani amekasirika zaidi, na muziki haujawa bora. Kinyume chake, fundi mitambo akipunguza desibeli 10 anaondoa sehemu tisa kati ya kumi za nguvu inayotoka kwenye spika, na waumini walioketi mbele yake bado wanasikia wimbo vizuri.

Umbali nao ni rafiki wa bei nafuu. Mahali pa wazi, kila umbali unapokuwa maradufu, sauti ya spika hupungua kama desibeli 6. Spika iliyokuwa mita 10 kutoka dirisha la mtu ikihamishiwa mita 80, dirisha hilo limepunguziwa desibeli 18. Hii ndiyo sababu ya kuyatazama upya majengo ya umma yenye viwanja vikubwa. Darasa lililo katikati ya uwanja wa shule, likiwa tupu baada ya masomo, ni mahali bora pa mazoezi kuliko sebule iliyobanwa kati ya nyumba mbili.

Jambo la usiku linahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndilo linaloleta ugomvi mkubwa. Mchana jua huipasha ardhi joto, hewa ya chini inakuwa na joto kuliko ya juu, na sauti hupinda kuelekea angani. Usiku tulivu usio na mawingu ardhi hupoa upesi, hasa kwenye mwinuko kama wa Babati, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo karibu na ardhi inakuwa baridi kuliko iliyo juu yake, na sauti iliyokuwa inapotelea angani hupindishwa kurudi chini, kwenye nyumba za watu. Kelele nyingine zote za mchana nazo zimetulia. Kwa hiyo spika ileile, kwa kipimo kilekile, haisumbui mbali saa nane mchana, lakini saa nne usiku inasikika mtaa wa pili. Fundi mitambo anayeapa kwamba hakugusa kitufe chochote anasema kweli, na jirani anayelalamika kwamba sauti imeongezeka naye anasema kweli. Mwenyekiti wa mtaa asiyelijua hili atamwona mmoja wao kuwa mwongo.

Sasa besi. Sauti hewani husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Besi inayotetema mara 50 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 7, wakati sauti nyembamba inayotetema mara 4,000 ina wimbi la sentimita 8 au 9 tu. Wimbi fupi huzuiwa na ukuta, mlango, hata mwili wa mtu. Wimbi la mita 7 huizunguka nyumba nzima na kuendelea na safari. Jirani wa mbali hasikii maneno ya wimbo wala gitaa. Anasikia mdundo tu, na mdundo usio na wimbo huchosha kuliko wimbo mzima. Kupunguza besi pekee baada ya jua kuzama kungetuliza malalamiko mengi, na kusingemgharimu mtu hata shilingi.

Kinachoizuia besi ni uzito. Kadiri ukuta unavyokuwa mzito ndivyo unavyokataa kutikiswa: uzito ukiongezeka maradufu, unapata kama desibeli 5 hadi 6 za ziada. Ukuta wa tofali za kuchoma uliopigwa lipu pande zote unaweza kufikia kilo 200 kwa kila mita ya mraba. Bati la geji 30 lililo juu yake lina kilo mbili, au mbili na nusu. Tunajenga kuta imara, kisha tunazifunika kwa kitu chepesi mara themanini au zaidi. Kwa hesabu ya besi, jengo la bati lisilo na dari ni sawa na jengo lisilo na paa.

Halafu kuna nyufa na nafasi. Sauti ni kama maji, hupita palipo wazi hata pawe padogo. Ukuta ukiwa mzuri namna gani, uwazi wa asilimia 1 ya eneo lake unatosha kuufanya usipunguze zaidi ya desibeli 20. Chukua ukuta wa mita 5 kwa mita 3. Ukiacha uwazi wa sentimita 10 kati ya ukuta na bati kwa urefu wote wa mita 5, kama tunavyoacha kwa ajili ya hewa, umeacha asilimia 3 na ushei, na ukuta wote umebakiwa na uwezo wa desibeli 15 hivi, hata kama umejengwa kwa mawe. Hewa tunaihitaji, tena sana, watu hamsini wakiimba. Dawa ni kuipitisha kwenye njia yenye kona mbili iliyobandikwa sponji au blanketi ndani. Hewa itapita kona hizo, na sauti itapoteza nguvu nyingi kabla ya kutoka.

Niwasihi pia vijana wetu wasipoteze nguvu kwenye trei za mayai. Trei ni nyepesi na ina matundu, haizuii sauti kutoka. Inapunguza kidogo tu mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba. Kupunguza mwangwi ndani ni kazi moja, kuzuia sauti isitoke ni kazi nyingine. Ya kwanza inataka vitu laini na vinene, ya pili inataka vitu vizito vilivyozibwa.

Lakini hiyo kazi ya kwanza tusiidharau, maana humo ndimo kelele nyingi za nyumba za ibada zinapozaliwa. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilimwomba mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, atibu ukumbi wa mihadhara ambao maneno hayakueleweka ndani yake. Sauti ilidumu ukumbini humo kwa sekunde tano na nusu, hivyo neno la kwanza lilikuwa bado linazunguka wakati mzungumzaji amekwishafika mbali. Sabine alifanya kazi usiku, kulipokuwa kimya, akisomba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo na kupima jinsi kila mto ulivyoufupisha mwangwi, kisha akairudisha kabla ya asubuhi. Alipata kanuni inayotumika mpaka leo: muda wa mwangwi hutegemea ukubwa wa chumba na kiasi cha vitu vinavyofyonza sauti ndani yake. Ukumbi wa Symphony Hall wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ulijengwa kwa ushauri wake.

Ipelekeni kanuni hiyo kwenye kanisa la kawaida la mita 20 kwa 10, lenye kimo cha mita 5, sakafu ya saruji, kuta za lipu na bati. Likiwa tupu, mwangwi wake unaweza kufikia sekunde 4. Wakiingia waumini 200, miili na nguo zao hufyonza sauti, na mwangwi unashuka hadi karibu sekunde 1.3. Ndiyo maana Jumapili kwaya inaeleweka, na Jumatano jioni, waimbaji ishirini wakiwa peke yao, kila kitu kinachanganyika. Mwalimu anaona maneno hayasikiki, anaomba sauti iongezwe. Ikiongezwa, mwangwi nao unaongezeka kwa kiasi kilekile, maneno yanabaki palepale, na mtaa mzima unaamka. Magodoro mawili matatu ya sponji yaliyosimamishwa ukutani, mapazia mazito upande wa nyuma na jamvi sakafuni yangemsaidia mwalimu huyo kuliko spika mpya. Mwangwi ukipungua, kwaya inajisikia, na kitufe cha sauti kinarudi chini chenyewe.

Lipo jambo jingine linalotusukuma kupaza. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akiwekwa penye kelele huinua sauti yake bila kukusudia. Ndivyo inavyotokea mazoezini. Dramu zinapanda, waimbaji wanakaza koo, mpiga gitaa anaongeza, mpiga kinanda anaongeza, na baada ya nusu saa kila mtu anapiga kelele, hakuna anayejisikia. Sauti nzito zikiwa kubwa huzifunika nyembamba, hivyo sauti ya pili inayokwenda kombo haigunduliki mpaka siku ya tamasha. Mazoezi ya sauti ndogo yanamsaidia jirani, ndiyo, lakini kwanza yanamsaidia mwanamuziki.

Yanamlinda pia masikio. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini Marekani ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwenye 94 umebaki na saa moja, kwenye 97 nusu saa, kwenye 100 dakika 15. Kwaya inayofanya mazoezi ya saa mbili mbele ya spika zinazovuma inakula usikivu wa watoto wetu, na usikivu uliopotea kwa njia hii haurudi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango kwa kumbi za muziki: wastani usizidi desibeli 100 katika kila dakika 15. Kumbi na baa zetu zinaweza kuanza na hicho kwa ajili ya wateja na wafanyakazi wao wenyewe.

Waheshimiwa, naamini jibu la ujenzi tunalo hapahapa nyumbani. Wazee wa Kiiraqw walijenga nyumba zilizochimbwa ndani ya mteremko, zenye kuta za udongo na paa la udongo, ili kujificha na maadui. Nyumba za tembe zimejulikana sana katika ukanda huu wetu. Udongo wa unene wa sentimita 20 una uzito wa kilo 300 hivi kwa kila mita ya mraba, zaidi ya mara mia moja ya bati. Chumba cha mazoezi kilichokitwa nusu kwenye mteremko, kuta nene za udongo, paa la udongo juu ya nguzo na mihimili iliyopimwa na mhandisi, mlango mmoja mzito wenye mpira kwenye kingo zake na njia ya hewa ya kona mbili, kingezuia besi kuliko ukumbi wowote wa bati tulionao. Vifaa vyake vingi havinunuliwi dukani, na ufundi wake ni urithi wetu. Nataka vijana wa Singe waone kwamba fizikia ya kitabuni na busara ya mababu zao zinasema jambo moja.

Wakati tunajiandaa kujenga, wanamuziki tuanze leo na tulivyo navyo. Mpiga kinanda apige kwa hedifoni. Gitaa la umeme lifanyiwe mazoezi bila amplifaya. Mpiga dramu ajifunze mikono yake kwenye kipande cha mpira wa tairi kilichopigiliwa ubaoni, na siku anayopiga ngoma zenyewe afunike ngozi kwa taulo. Bendi za tarumbeta zielekeze midomo ya vyombo vyao mbali na nyumba, kwa kuwa sauti kali ya tarumbeta hutoka zaidi mbele kuliko nyuma. Kwaya ijifunze kila sauti kwa nota za solfa, bila kipaza, sehemu ngumu zirudiwe polepole, na mitambo iwashwe mwishoni tu kwa kuunganisha. Tukumbuke pia vyombo vyetu vyenye sauti ya chumbani. Hukwe Zawose wa Dodoma, aliyefariki mwaka 2003, alijulikana duniani kwa zeze na ilimba. Vyombo hivyo hujaza chumba kimoja bila kumgusa aliyelala nyumba ya pili.

Baada ya maelezo hayo, naomba Kamati itafakari mambo matano.

Kwanza, itengwe sehemu ya mazoezi ya kata: kwa sasa darasa moja au mawili yaliyo mbali na nyumba, kwa ratiba inayozihusu dini zote na bendi zote, na baadaye chumba cha udongo nilichokieleza.

Pili, ziwekwe saa zinazoeleweka. Napendekeza mazoezi ya vyombo vya umeme yaishie saa moja usiku siku za kazi, na yale ya sauti tupu yaishie saa tatu. Mikesha na sherehe ziombewe kibali, zifanyike milango ikiwa imefungwa, besi ikiwa imepunguzwa, na spika zikiwatazama walio ndani. Yakikubalika, yapelekwe Baraza la Madiwani yaingie kwenye sheria ndogo.

Tatu, Halmashauri iwe na kipima kelele kilichohakikiwa, mikononi mwa Afisa Mazingira. Simu hutoa makadirio ya kutusaidia kujirekebisha, lakini uamuzi wa haki unataka kipimo cha kuaminika. Na kipimo kichukuliwe dirishani kwa anayelalamika, kwa kuwa hapo ndipo madhara yalipo.

Nne, kabla ya mgambo kuitwa, mwenyekiti wa mtaa awakutanishe wanaogombana. Kiongozi wa bendi aende akae chumbani kwa jirani wakati wenzake wanapiga. Akiwa pale akayafuata maneno ya wimbo, au akausikia mdundo kwenye kitanda, atajua mwenyewe la kufanya.

Tano, vikundi vya vijana vya muziki vinavyojipatia riziki kwenye harusi na sherehe visaidiwe kujisajili ili viombe mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ambamo asilimia 4 ni ya vijana, na sehemu ya mkopo itumike kununua hedifoni, mapazia na vifaa vya kuziba kumbi zao.

Kwa majirani zangu nina neno pia. Mkishapewa saa zenu za utulivu, wapeni wanamuziki saa zao bila manung'uniko. Mtoto anayejifunza kinanda atakosea mara nyingi kabla hajapatia, na makosa yake yanahitaji mahali pa kufanyikia.

Naomba suala hili liwe ajenda katika kikao kijacho cha Kamati, na walimu wa kwaya, mafundi mitambo na wakazi wanaosumbuliwa waalikwe wakae meza moja. Nitakuja na mchoro wa chumba, hesabu za mwangwi na waimbaji wachache, ili tupime mbele yenu kelele inayosikika nje ya jengo, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa.

Wenu katika kuijenga Singe,

Mwalimu wa kwaya na mkazi wa kata